Kibao cha 30.06

Jumamosi tuliwapeleka watoto kutazama samaki, kwenye akwariamu moja hapa Texas. Jua kali, foleni ndefu, mimi nimevaa shati pana nje ya suruali, bastola kiunoni, leseni mfukoni. Kumbe mlangoni kuna kibao: herufi za urefu wa inchi nzima, Kiingereza na Kihispania, kifungu 30.06 cha sheria ya jinai ya Texas. Yaani hata mwenye leseni haingii na bastola aliyoificha.

Tangu Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 au zaidi anaweza kubeba bastola bila hata leseni, ilmradi sheria haimkatazi kumiliki. Lakini mwenye eneo akishabandika kibao, basi. Na wala hakuna aliyenipapasa! Nairobi askari wa geti angeshanipitishia kile kidude chake kinacholia. Hapa ni wewe na dhamira yako.

Nikarudi garini huku jasho likinitoka, nikaifungia kwenye kisanduku cha chuma chini ya kiti. Kufika mlangoni, kitinda mimba wangu: "Baba, ulisahau nini?" Nikasema pochi. Mama yake akaitazama pochi, iko mkononi mwangu tangu tutoke nyumbani.