Wete imo ndani ya SWEET

Nauza kanga na madera baina ya Unguja na Pemba, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa garini na bunda miguuni. Mtandao unakatika kila mahali, basi nachezea majina. Nachukua jina la mahali ninapopita, nalivuruga, natafuta maneno ya Kiingereza yaliyojificha humo.

CHAKE inatoa CAKE, ACHE, EACH na HACK. Ukitaka neno litakalomaliza herufi zote tano, lipo: HACEK, kile kialama mfano wa v ndogo kinachokaa juu ya herufi katika maandishi ya Kicheki. GOMBANI, penye uwanja wa mpira, ina MANGO, AMIGO na BINGO. Vitongoji siipiti, lakini imebeba VOTING, na kwa historia ya Pemba naomba hapo nisiendelee. Kiboko ni KONDE. Igeuze utapata KENDO, ule mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa mapanga ya mianzi. Watu wa Konde msichokozwe!

Kinachotuponza sisi ni jicho. Tumezoea silabi, ka ke ki ko ku, kila konsonanti na irabu yake. Kiingereza hakina adabu hiyo. STRENGTH ina herufi nane na irabu moja tu. Kwa hiyo mimi irabu naziweka kando kwanza, naangalia konsonanti zinazopenda kufuatana: C na K, C na H, N na G, S na T. Nikiona E na D, au E na R, nazipeleka mwisho wa neno nione kilichobaki kinasema nini. I, N na G zikikutana, hapo kazi nusu imekwisha.

Wenye Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi vinavyochotwa mfukoni, wanalijua hilo kwa pointi. Aliyeibuni, Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani, alikaa akahesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ajue ipi inatumika sana. Ndiyo maana E zimo 12 na kila moja ina pointi 1, K imo moja kwa pointi 5 na J moja kwa pointi 8. Angehesabu gazeti la Kiswahili, K ingekuwa bei ya dagaa na A zingejaa mfuko mzima.

Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, ana programu kwenye simu: unaandika herufi, orodha inashuka. Nilimuuliza inajuaje. Kumbe ujanja wenyewe mdogo. Kila neno la kamusi linapangwa herufi zake kwa mfuatano wa alfabeti. KONDE inakuwa DEKNO, KENDO nayo inakuwa DEKNO, zinalingana, basi. Nimeipenda akili hiyo, ila simu yenyewe nataka ifunguliwe tukishafika. Kuifungua njiani ni kula futari saa tisa.

Yeye ndiye aliyenionyesha mchezo wa pili, na sasa naupenda kuliko wa kwanza. Hapa hutoi neno ndani ya jina. Unatafuta neno kubwa la Kiingereza lililozimeza herufi zote za jina, kwa mpangilio wowote. Sharti moja: jina likiwa na E mbili, na neno liwe na E mbili. WETE imo ndani ya SWEET, na ndani ya BETWEEN pia. CHAKE imo ndani ya HACKER. PEMBA imo ndani ya PREAMBLE, ule utangulizi wa katiba. UNGUJA ilitusumbua kwa zile U mbili na hiyo J, mpaka mtoto akapiga kelele: SUBJUGATION! Dada yangu, aliyesomesha skuli miaka mingi, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Maana yake mtaitafuta wenyewe, mimi wateja wangu wako pande zote mbili.

Kijana anabisha kwamba neno usilolijua maana si lako. Nikamwambia habari ya Nigel Richards wa New Zealand, aliyechukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa hakizungumzi. Alihifadhi maneno tu. "Mama mdogo, huyo si mtu," akasema, na mjadala ukafia hapo.

MKOANI kijana alishaiandika kuwa haina neno. Nikaipatia bandarini, nikiwa kwenye foleni ya mizigo nyuma ya wanawake wenzangu: WOMANKIND. Hesabu, zote sita zimo. MICHEWENI, yenye I mbili na E mbili, bado haijapata neno la kuimeza. Mwenye nalo alete, ila bila simu.