Nilivyosajili zana za data za maji ya Meru

Ghala letu la data lina vipimo vya floraidi vya visima na chemchemi za miteremko ya Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi Maji ya Chai. Watu wa Arusha wanaijua floraidi kwa meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vyetu vingi vinapita hapo. Nilipopewa kazi ya kuliandikisha ghala kwenye FAIRsharing, sajili ya mtandaoni ya maghala ya data inayotunzwa Chuo Kikuu cha Oxford, niliichukua kwa moyo wote.

Maelezo ya jumla yalikwisha asubuhi moja. Kilichonikwamisha ni zana, yaani programu za kumsaidia mtu kuzitumia data zetu. Niliorodhesha programu kumi na moja, karibu kila kitu kilichomo kwenye kompyuta yangu. Dada anayesimamia maabara aliisoma orodha, akauliza, "Kaka, mtu akishapakua data zetu, hii ya kuandikia barua itamsaidia nini?"

Nilifuta saba palepale. Nilikuwa nimechanganya pia programu inayoendesha ghala lenyewe, kama DSpace au Dataverse, na zana anayoishika mtumiaji. Ile ya kwanza ina nafasi yake kwenye sajili nyingine, re3data.

Zikabaki OpenRefine ya kusafisha data, R ya takwimu, QGIS ya ramani na skripti yetu, programu ndogo ya kuoanisha vipimo. OpenRefine haikuwa na mjadala: waliojaza fomu waliandika "Maji ya Chai", "Majiyachai" na "Maji ya Chaai", nayo huzikusanya tahajia zinazokaribiana ili uchague moja.

QGIS ndiyo iliyonipa kazi. Mahali pa vipimo vyetu vya zamani palisomwa kwenye ramani za Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuonyesha mahali kwa namba; vipya ni vya GPS, yaani mfumo wa WGS 84. Ukivifungua vyote kama vya GPS, visima vya zamani vinahama karibu mita 300, na kwenye mteremko wenye chemchemi zilizosongamana hiyo ni chemchemi ya mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo sikuishia kutaja jina la programu na kiungo. Kwenye mwongozo wa ghala niliandika namba za mifumo hiyo za kuchagua ndani ya QGIS: EPSG:21037 kwa vya zamani, EPSG:32737 kwa vipya.

Skripti yetu ilikuwa kwenye ukurasa wa kijana aliyekwisha kuhitimu, na kiungo kilikuwa kimekufa. Kwa ruhusa yake niliiweka Zenodo, hifadhi ya mtandaoni inayoendeshwa na kituo cha utafiti cha CERN, ikapata DOI, yaani kitambulisho cha kudumu, na leseni iliyo wazi.

Kabla ya kutuma nilimwomba yule dada afuate maelezo peke yake, mimi nikikaa kimya pembeni. Ilimchukua saa nzima. Ramani ilipofunguka alisogeza hadi Kikatiti, akakuza, akaweka kidole kwenye kioo: "Hiki ni kisima cha kwa mama, kiko nyuma ya kanisa kama kilivyo." Nikabonyeza kutuma.