Siku Kongo Ilipopokelewa, Nikiwa Birere

Tarehe 29 Machi 2022, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokutana kwa njia ya video na kuipokea Kongo kuwa mwanachama wa saba, nilikuwa nikikunja vitenge dukani kwa mama mdogo, mtaani Birere, Goma, karibu kabisa na mpaka wa Rwanda.

Ombi lenyewe Rais Tshisekedi alilipeleka kwa barua mwezi Juni 2019, na sikumbuki hata siku moja mimi au jirani yeyote kuulizwa tunalionaje. Maoni yetu tuliyatoa siku hiyo, mbele ya redio, jambo likiwa limekwisha kupita. Mama mdogo alifurahi waziwazi. Vitenge vyake vilishuka Mombasa, vikapita Kampala, vikavukia mpakani Bunagana, na kila kituo kilidai karatasi na malipo yake; basi akachukua kalamu, akaanza kupiga hesabu nyuma ya risiti ya zamani, aone atabaki na kiasi gani duane, yaani forodha, ikipunguza ushuru. (Malipo mengine, sote tulijua, hayakuwahi kuandikwa kwenye risiti yoyote.)

Mteja wetu mmoja, mzee wa Rutshuru, alikuwa akingoja yadi zake sita. Siku moja kabla, waasi wa M23 walikuwa wameshambulia Tchanzu na Runyonyi, huko kwao Rutshuru, na ndugu zake walikuwa njiani wakikimbia. Kama wengi mjini, aliamini kwamba nyuma ya waasi hao ipo Rwanda, mwanachama wa Jumuiya ileile.

“Mama, utakula vipi sahani moja na mtu anayekuvunjia mlango usiku?”

“Papa, jirani ni jirani, tuingie tusiingie. Afadhali tukae naye mezani, tuione mikono yake.”

“Na wewe umeitwa mezani lini?”

Mama mdogo hakujibu. Alimfungia kitenge, akamrudishia chenji. Mimi nilikuwa upande wake, nikimwona mzee anachanganya biashara na vita, kana kwamba kila kimoja kina barabara yake.

Mkataba wa kujiunga ulitiwa saini Nairobi tarehe 8 Aprili. Tarehe 13 Juni M23 waliiteka Bunagana, na tarehe 11 Julai, Kongo ilipokabidhi hati za kuuridhia mkataba huo, marobota yetu yalikuwa bado Kisoro, upande wa Uganda, yakilipiwa ghala.