Siku yangu moja shambani kwa mwani, Jambiani, Zanzibar

Saa 11 alfajiri. Nshaswali, nimekaa barazani na bi mkubwa tunafunga mbegu. Mbegu ni vipande vya mwani mbichi tu, kila kimoja unakikaza kwa taitai, vile vijiuzi vya kufungia, kwenye kamba. Yeye yumo kwenye kazi hii tangu mwanzo mwanzo, biashara ilipoanza 1989 hapa na Paje kwa mbegu za Ufilipino, mimi namaliza kamba moja yeye yuko ya tatu na boflo mkononi.

Saa 2 na nusu. Bamvua leo, yaani maji yanakupwa na kujaa kuliko siku za kawaida, sasa hivi yanakimbia, tunashuka. Binamu yangu wa Dar kaja likizo, yuko form two, na maswali yake: "Dada, mbona huu mwani wa kahawia, usanisinuru unafanyaje bila kijani?" Swali zuri bana.

Kijani kimo. Klorofili, ndo hiyo rangi ya kijani, iko ndani ya kloroplasti zake, vile vijumba vidogo vya usanisinuru ndani ya seli, kama kwenye mchicha, ila imefunikwa na rangi nyengine, nyekundu inaitwa fikoerithrini na ya buluu fikosianini. Klorofili inapenda mwanga wa buluu na mwekundu, wa kijani inauchukua kidogo sana, ndo maana majani tunayaona kijani. Sasa bahari nayo inameza mwekundu kwanza, kadiri unavoshuka unaobaki ni kijani na buluu, fikoerithrini inaudaka ule wa kijani, nguvu yake inaipasia fikosianini, nayo inaipasia klorofili, na hapo ndo shughuli yenyewe inaanza, maji yanapasuliwa oksijeni inatoka, na hewa ya ukaa iliyoyeyuka baharini inageuzwa sukari.

Akanikamata: "Lakini hapa maji ya magoti tu." Saa hizi ndio. Subiri yajae uone, bamvua linapanda karibu mita 4, kamba hizi zote zinabaki huko chini.

Saa 5. Jua la utosi, maji ya kwenye vidimbwi yashakuwa ya kuogea. Huu ndo muda nisioupenda. Mmea ukipata mwanga kuliko unavoweza kuutumia, mitambo ya kloroplasti inaanza kuharibika, ukiongeza na joto ndo basi. Nikang'oa tawi moja nikamuonesha: ncha bado kahawia, katikati peupe pepepe, ukipabinya panalainika panakatika. Mwani tunaolima ni aina mbili, cottonii na spinosum. Cottonii ndo inaumwa hivi zaidi, bei yake nzuri lakini inakufa, ndo maana wengi tumebaki na spinosum. Samaki tasi nao wamekula kamba mbili nzima, hao sina la kuwafanya.

Saa 8 mchana. Tumebeba magunia mpaka mgongo unalia, tunaanika. Wingu likitokea tu bi mkubwa anapiga kelele, maana hizi fiko zote mbili zinayeyuka kwenye maji, mvua ikinyesha juu ya mwani uliovunwa rangi inachuruzika na mnunuzi anaanza kukushusha bei.

Saa 10. Binamu bado haamini kuhusu kijani. Nikachemsha maji kwenye kisufuria, nikachagua kitawi chekundu kabisa nikakitumbukiza. Sekunde chache tu kikageuka kijani mbele ya macho yake! Zile rangi za kufunika zimejengwa kwa protini, joto linazivuruga, klorofili inavumilia zaidi kwa hiyo ndo inabaki kuonekana. Ukiendelea kuchemsha na yenyewe inachoka, inakuwa kijani cha kufifia kama mchicha uliosahaulika jikoni. Akaomba kitawi cha pili, cha tatu, mpaka bi mkubwa akauliza hiyo ni skuli au mnaniharibia mali.

Saa 1 usiku. Wali na mchuzi wa pweza, simu chaji asilimia 9. Kesho maji yatatoka kwa kuchelewa kidogo kuliko leo, kwa hiyo angalau nitalala tena baada ya alfajiri, binamu kasema anakuja na daftari.