Mkutano juu ya maji

Leo miadi ya mama hospitalini imeahirishwa, nikapanda kivuko hapa Kochi bila safari maalumu. Wiki ya tatu tuko India kwa matibabu.

Dada niliyekaa naye akanyoosha kidole kisiwani. "Mulavukad pale. Ndiko alikozaliwa Dakshayani Velayudhan."

Nani huyo? Akacheka, akanisimulia.

Kazaliwa 1912, Mpulaya, jamii iliyohesabiwa najisi, haiguswi. Chuoni alisomea kemia, mwalimu akakataa kumwonyesha majaribio, akawa anachungulia kwa mbali. Na akahitimu!

1946 akaingia Bunge la Katiba akiwa na miaka 34, mwanamke pekee wa Kidalit, yaani wa jamii hizo zilizoitwa haziguswi, mle ndani. Katiba yao, kifungu cha 17, ikapiga marufuku huko kutoguswa.

Ila kilichonikaa moyoni ni cha 1913, yeye bado mtoto mchanga.

Wapulaya walitaka kukutana. Nchi kavu hawana ruhusa, ardhi ya mfalme.

Basi wakafunga mashua kwa mashua, wakafanya mkutano juu ya maji. Jamaa zake walikuwamo.

Mimi mtoto wa Pangani, mashua nazijua: za kuvulia, za kubebea nazi. Ukumbi wa mkutano? Nikawa nayatazama yale maji, nawaza mtu anahutubia huku chombo kinayumba, na mfalme hana la kusema.

Kituo changu kikapita, wala sikushuka.

Jamani, nani alishamsikia huyu mama? Mama yangu anawasalimu, vipimo kesho.