Mteremko wa nyuzi 3: usiangalie kimo peke yake

Ndege kubwa ya abiria hutua kwa mteremko wa nyuzi 3, yaani hupoteza kama futi 320 kila maili ya baharini. Hesabu ya kichwani ni rahisi: kila futi 1,000 zinahitaji maili 3. Futi 30,000 ni maili 90, kisha ongeza 10 hivi za kupunguza mwendo, na zaidi upepo ukikusukuma kwa nyuma.

Kasi ya kushuka ni mwendo wa juu ya ardhi mara 5. Noti 140, yaani maili 140 za baharini kwa saa, zinadai futi 700 kwa dakika. Ila Nairobi si Dar es Salaam. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko futi 5,330 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na saa ya mwendo ikisoma 140 ndege kwa kweli inakata noti 154 au zaidi hata upepo ukiwa umetulia. Inabidi ishuke futi 770. Anayeshikilia 700 aliyoizoea pwani atajikuta anapanda juu ya mstari wa mteremko kidogo kidogo.

Na kuwa juu ndiko kunakozaa matatizo. Ukiinamisha pua, kimo kinageuka mwendo. Mwendo ukizidi, flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoiwezesha ndege kwenda polepole, hazitoki, maana kila hatua ya flapu ina kikomo chake. Shusha magurudumu mapema, yanakokota hewa kweli kweli. Fungua breki za hewa. Ikibidi, waombe waongozaji maili za ziada ungali mbali. Hakuna aibu hapo.

Hatari kubwa imejificha kwenye injini. Rubani aliye juu huzirudisha hadi mzunguko wa chini kabisa, na zikikaa hapo mpaka karibu na ardhi, amekwisha. Tarehe 6 Julai 2013, Boeing 777 ya Asiana, shirika la ndege la Korea Kusini, ilikuwa inatua San Francisco, mtambo wa redio wa kuonyesha mteremko ukiwa umezimwa uwanjani. Kwenye futi 500 mwendo ulikuwa noti 137, sawasawa na uliotakiwa, na ndege ilikuwa juu ya mstari kidogo tu. Ukitazama hayo mawili utasema mambo shwari. Lakini ilikuwa inashuka futi 1,200 kwa dakika, injini zimelala, na mwendo uliendelea kuanguka. Marubani walishtuka kwenye futi 200 hivi, wakaanza kupaa tena wakiwa chini ya 100. Mkia uligonga ukuta wa bahari. Watu 3 kati ya 307 walikufa.

Ndiyo maana mashirika mengi huweka kizingiti kwenye futi 1,000: magurudumu chini, flapu tayari, mwendo sawa, kushuka kusizidi futi 1,000 kwa dakika, na injini ziwe zimeshapandishwa. Kimoja kikikosekana, paa ukazunguke. Injini iliyolala yaweza kuchukua hadi sekunde 8 kuamka, na kwa kasi ile ya San Francisco, sekunde 8 ni futi 160.