Kibali cha Bastola Kinapofika Mpakani

Kila kijana wa kwetu anayeanza kazi ya malori hapa Columbus, Ohio, huniuliza swali lile lile kabla hata hajazoea kurudisha trela nyuma: "Mzee, nikinunua bastola, nitaruhusiwa kutembea nayo?" Utaruhusiwa. Mpaka wapi, hapo ndipo pana maneno.

Tangu Juni 2022, Ohio haidai kibali. Mradi umefikisha miaka 21 na sheria haikukatazi silaha, ifiche kiunoni uende zako. Kwa hiyo vijana huona kukaa darasani saa nane nzima, kisha kupanga foleni kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, ili kupata kibali, ni kupoteza hela. Mimi changu nakihuisha kila kinapoisha miaka 5, na sababu ni Michigan. Ukitoka Toledo, Ohio, kwa barabara kuu ya I-75 kwenda Detroit, Michigan, mpaka unauvuka bila kuhisi. Lakini Michigan haina habari na ruhusa ya Ohio: inataka kibali, tena cha jimbo unaloishi. Na askari akikusimamisha, unatakiwa umwambie hapo hapo kwamba unayo. Ohio siku hizi unajibu ukiulizwa.

Ukielekea magharibi, Indiana hupokea vibali vya majimbo yote. Unaingia Illinois, haipokei hata kimoja. Ila imeacha upenyo: mgeni anayeruhusiwa kubeba kwao anaweza kuwa nayo ndani ya gari. Ukishuka kununua chai, bastola inabaki na gari linafungwa. Kwetu Kenya cheti cha silaha hutolewa na bodi moja, na cha Mombasa ndicho cha Busia. Hapa leseni ya lori inakubalika nchi nzima, ya bastola kila jimbo na lake.

Mashariki ndiko kwenye balaa. Mwaka 2013 mama mmoja wa Pennsylvania, Shaneen Allen, alisimamishwa New Jersey kwa kosa dogo la barabarani. Akamwambia askari mwenyewe kwamba ana bastola na kibali cha kwao. Alikamatwa, akawa anakabiliwa na kifungo cha miaka isiyopungua mitatu. Gavana wa New Jersey, Chris Christie, alimsamehe mwaka 2015. Kilichomponza ni kuamini kadi yake.

Kuna sheria ya taifa ya 1986 inayomlinda mpita njia: bastola isiwe na risasi, ikae kwenye buti. Lori halina buti, kwa hiyo iwe kwenye kasha lenye kufuli, na kile kisanduku cha dashibodi hakihesabiki. Vijana huisikia nusu tu. Ulinzi huo ni wa anayetoka anakoruhusiwa kubeba kwenda anakoruhusiwa kubeba. Ukiwa na mzigo wa kushusha Newark, New Jersey, wewe si mpita njia, umefika. Na hapo sijataja kampuni, maana nyingi hazitaki silaha ndani ya lori kabisa.

Sisi wenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, tunaruhusiwa kumiliki. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida hapana. Lakini kuna jambo wauzaji wa duka la bunduki hawakutajii: kupatikana na hatia ya silaha kunaweza kukufukuzisha nchini. Mwenyeji akikosea mpaka anatafuta wakili mmoja. Wewe utatafuta wawili, na wa pili ni wa uhamiaji.

Wapo wanaosema subiri, Bunge litaunganisha vibali. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada huo Desemba 2017, ukafia Seneti. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2022 dhidi ya New York nayo ilipunguza masharti ya kupata kibali. Haikulazimisha jimbo kupokea cha jirani.

Orodha za nani anampokea nani hubadilika, kwa hiyo nazisoma kwenye tovuti ya serikali ya jimbo lenyewe kabla ya kupakia, sizisikilizi kwenye redio ya madereva. Mzigo ukiwa wa New Jersey au New York, bastola inabaki sefuni nyumbani.